Ni Mvua Tu

Hapa ufukweni tunaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mchangani, na mvua ikikaribia, anayeiona kwanza anapiga kelele ili wote wakimbie kuzikusanya. Jana jirani alipopiga kelele, mimi nilikimbilia ndani, nikavaa viatu, nikambeba mtoto wa mama mdogo mgongoni na kushika njia ya kwenda kijiji cha Kizuka. Nilikuja kusimama katikati ya michikichi, nimelowa. Mtoto alikuwa amefurahi sana.

Niliporudi, ndagala nazo zilikuwa zimelowa.

"Wewe mutoto, ulikuwa unamkimbia nani?" mama mdogo akaniuliza.

Nikamwambia kweli. Nilipokuwa mdogo, siku tuliyokimbia nchi, kelele zilianza hivyo hivyo. Nilidhani nimeshasahau, kumbe bado.

Hakucheka. Aliendelea kuchambua ndagala, kisha akasema, "Basi mimi nitakuita kwanza. Nitakuambia, mwanangu, ni mvua tu."

Leo mawingu yamekuja tena. Ameniita vile, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Viatu nilivaa, siwezi kudanganya. Lakini nimekusanya ndagala mpaka zikaisha. Jirani ameviona viatu, ameniuliza kama naenda kanisani.