Mizizi Kwenye Paipu ya Baba

Choo cha ndani kilikuwa fahari ya Baba. Alikijenga alipostaafu kazi ya kiwanda cha chai, kikawa cha kwanza kilimani kwetu upande wa Mogogosiek, na wageni walikuwa wanapelekwa kukiona kabla hata ya kupewa chai. Kwa hiyo kilipoanza kurudisha maji machafu hadi kwenye korido, aibu ilimlaza mzee kitandani. Mimi ndimi niliyetoka Kericho, nilikokuwa nikifundisha miaka hiyo ya tisini, nikaja na fundi na hasira zangu.

Fundi alifukua paipu nyuma ya nyumba, akaipasua. Ndani mlijaa mizizi. Wee! Niliivuta kwa mikono yangu mwenyewe, ikatoka nyembamba, laini, ndefu, kama nywele zilizofumuliwa. Nikaitupa kwenye moto wa takataka, nikanawa.

"Ni ule pale," fundi akasema, akionyesha simotwet, mkuyu wa kwetu, uliosimama hatua chache tu kutoka kwenye mtaro. "Mzee, tufuate huu mzizi mpaka kwenye shina, tuung'oe wote."

Baba, aliyekuwa ameamka kuja kutazama, akakubali. Nami nikakubali. Mama alikuwa jikoni, na hakuna aliyemuuliza. Jembe lilikuwa limekaribia shina alipotoka mbio, unga wa wimbi mikononi, akaketi chini kwenye udongo, mgongo kwenye mti.

"Hapa hamchimbi."

Haki ya Mungu, nilikasirika. "Mama, tukae na uchafu ndani ya nyumba kwa sababu ya mti? Hebu toka hapo, fundi ana kazi kwingine!" Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama yangu, na mpaka leo yananichoma.

Hakunitazama hata. Alimtazama Baba. "Kuna mtoto hapa," akasema. "Wa kwanza wako."

Nyumbani kwetu, mtoto aliyezaliwa bila uhai alizikwa na wanawake. Mwanamume hakuuliza ni wapi, na mwanamke hakusema. Baba alijua tu kwamba kabla yangu kulikuwa na mtoto ambaye hakulia. Mama alikuwa amesimika kigingi cha simotwet pale ili asipapoteze, kigingi kikachipuka, kikawa mti. Miaka karibu thelathini baadaye, Baba akapitisha paipu ya choo kando yake, njia ya mkato. Mama aliuona mtaro ukichimbwa, akanyamaza. Sijui aliwezaje, jameni. Kila tulipovuta maji chooni alikuwa anasikia.

Fundi aliweka jembe chini, akaenda kusimama mbali. Baba alivua kofia.

"Alikuwa msichana au kijana?"

"Kijana," Mama akasema. "Alikuwa na nywele nyingi sana."

Niligeuka kuutazama moto wa takataka. Hapakuwa na kitu tena, ila jivu.

Baba aliizungusha paipu mbali na mti, akang'oa mistari miwili ya chai yake kwa mkono wake mwenyewe ili ipite, na choo kile hakijasumbua tena. Wageni wanakisifu. Mimi nikienda nyumbani natumia cha shimo, kule nje.