Jani la Isale Kwenye Grupu la Ukoo

Juzi nilikuwa natoa kopi kwenye stesheneri moja Kaloleni, mama wa Kichaga akampa mhudumu simu yake. Kaka yake, ambaye hawajasemezana naye tangu msiba wa baba yao, ametuma picha ya jani la isale kwenye grupu la ukoo.

"Ndugu wanaona jani tu," mama akamweleza mhudumu. "Mimi kanitumia ujumbe pembeni kwamba ndani kuna maneno, na neno la siri ni jina la ng'ombe wetu wa utotoni."

Mhudumu akaingiza picha kwenye programu ya kufichua maneno yaliyofichwa kwenye picha, akaandika jina. Ndani ya jani yakatoka maneno: "Dada, nilikosea. Nisamehe."

Jamani! Nilisahau kopi zangu.

Mama akafuta macho kwa kanga. "Kwetu ukiletewa isale lazima usamehe. Nilimsamehe nilipoliona jani."

Na mimi nilidhani maajabu yako kwenye kompyuta.