Kasi Umeipima, Kaka?

Jina lake la kuzaliwa hata mama yake alikuwa anaelekea kulisahau. Kambi nzima ya uwindaji walimwita Vitufe, na aliyembandika jina hilo ni mdogo wake wa tumbo moja.

Kazi ya Vitufe ilikuwa kuandaa darubini za wageni. Siyo zile za kutazamia ndege. Hizi ukibonyeza zinakwambia mnyama yuko mita ngapi, halafu zinakwambia upandishe mlengo wa bunduki kliki ngapi, vile vihatua vidogo vya kuzungusha, maana risasi ikienda mbali nayo inachoka, inashuka. Ila darubini haina akili yake, inatapika ulichoilisha. Kwa hiyo kila bunduki ikija, Vitufe anailaza kwenye mifuko ya mchanga nyuma ya karakana, anafyatua mbele ya kidude cha kupima kasi, kisha anaingiza kwenye simu kasi, uzito wa risasi na hali ya hewa, simu inaipelekea darubini. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi hakuiamini hata siku moja. "Boksi ni mdomo wa muuzaji," alikuwa anasema.

Mdogo wake walimwita Miguu. Huyo ndiye mfuata nyayo. Mnyama akijeruhiwa akakimbilia vichakani, mgeni anabaki garini na soda yake, Miguu anaingia. Wote wawili walilijua hilo: kaka akikosea mezani, mdogo ndiye anayeumia kichakani. Ndiyo maana kila asubuhi Miguu akija kuchukua darubini aliuliza neno moja tu: "Kasi umeipima, kaka?"

Siku hiyo walikuwa jikoni wanakunywa chai. Kulikuwa na mgeni mpya na bunduki mpya, bado haijapimwa. Miguu alishapata wasikilizaji, na Miguu akipata wasikilizaji, basi tena.

"Jamani, kaka yangu huyu jana kaona panya stoo. Mnajua kafanya nini? Katoa darubini kampima!"

Wapishi wakacheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Kunywa chai yako, wewe," Vitufe akasema.

"Nakunywa, kaka. Ila niambie, na shemeji unampimaga kwanza? Maana miaka yote hii mtoto hamna. Labda risasi haifiki."

Hapo hata wapishi waliinamia vikombe vyao. Aliyecheka ni bosi, kasimama mlangoni na kikombe chake, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Risasi haifiki! We Miguu utaniua!"

Vitufe akaenda karakana. Bunduki ya mgeni ilikuwa mezani. Nafasi ya kuipima ilikuwepo. Hakuipima. Darubini ilikuwa bado na hesabu za mgeni aliyeondoka, mwenye risasi nyepesi, kali kama kofi. Risasi ya huyu mpya ilikuwa nzito, mwendo wake wa pole. Akaziacha zile zile. Alijua darubini itataja kliki chache, risasi itapita chini ya tumbo, itapiga vumbi. Mgeni atanuna, na Miguu atatembezwa juani kutwa nzima akitafuta damu ambayo haipo. Si ana miguu? Aitumie.

Miguu akaingia. "Kasi umeipima, kaka?"

"Nimeipima."

"Haya. Na yale ya jikoni ni utani tu, usininunie kama mke mwenza." Akampiga begani, akaenda.

Vitufe, mtu wa kupima kila kitu, kitu kimoja hakukipima: wangepiga kutoka umbali gani. Yeye alipigia hesabu ya mbali, kule ambako wageni hupenda kujisifia. Mnyama waliyemkuta siku hiyo, choroa, alisimama karibu zaidi. Na karibu risasi haishuki sana. Inashuka kidogo tu.

Redio ya karakana ikakoroma. Sauti ya bosi: "Kapigwa tumboni, kaingia kichakani. Miguu, mfuate."

Choroa mzima anakukimbia. Aliyejeruhiwa anakusubiri, na pembe zake ni mikuki miwili. Vitufe akaishika redio, kidole gumba kikakaa juu ya kitufe. Neno moja lilitosha: asiingie, darubini nimeiharibu mimi. Na kazi yake ingeishia hapo hapo. Kidole kile kilichoshinda kikibonyeza mwaka hadi mwaka, siku hiyo kiligoma.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya dereva, akilia.

Mguu walimkata juu ya goti. Vitufe alikaa kitandani kwake hospitalini, akimmenyea chungwa.

"Kaka, nimelala hapa nawaza," Miguu akasema. "Asubuhi ile mbona sikusikia mlio kule kwenye mifuko ya mchanga?"

"Upepo. Ulikuwa unavuma kwenda kule."

"Ehe. Upepo." Akapokea chungwa, akala lote.

Bosi alijiona mtu mwema. "Simfukuzi kijana wa watu. Kukaa mezani anaweza. Wewe Vitufe una miguu miwili, utafuata nyayo." Wapishi, hawana dogo, wakabadilisha na majina: mlemavu akawa Vitufe, kaka mtu wakamwita Miguu.

Siku ya kwanza ya kutoka, kaka alifika karakana kuchukua darubini. Mdogo wake alikuwa kwenye kiti, gongo limeegemezwa mezani, simu mkononi. Kaka akasimama mbele ya meza.

"Kasi umeipima, mdogo wangu?"

Tangu kulipopambazuka, hakukusikika mlio hata mmoja kule nyuma. Na siku hiyo jani halikutikisika.

"Nimeipima," mdogo wake akasema, akamsogezea darubini.

Nje bosi alikuwa anapiga honi.