Kazi Nyepesi ya Mjamzito

Nafundisha baiolojia sekondari moja pale Shinyanga, na mada ninayoipenda kuliko zote ni namna kiumbe anavyoanza. Huwaambia wanafunzi kwamba kila aliyemo darasani, hata wale watundu wa dawati la nyuma, alianza kwa seli moja isiyoonekana kwa macho. Ikajigawa, zikawa nyingi, kila moja ikashika kazi yake: hizi za moyo, hizi za jicho, hizi za ubongo. Zikiharibiwa huko mwanzoni, ni vigumu kurekebisha. Maneno hayo nimeyasema miaka mingi na kwenda zangu kunywa chai.

Likizo iliyopita nilikwenda Geita kumwona mdogo wangu. Mumewe anachimba dhahabu, na yeye alikuwa na mimba yake ya kwanza, aliyoisubiri mpaka mawifi wakaanza kumsema. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, tumbo limemtangulia, anapepea jiko la mkaa. Juu ya mkaa ameweka kijiko cha chuma, na ndani ya kijiko donge la kijivu linafuka moshi.

"Shikamoo dada. Karibu ndani."

Nilisahau hata kuitikia. Ilikuwa zebaki. Wachimbaji huichanganya na mawe yaliyosagwa ili inase dhahabu, kisha huichoma mpaka ipae na dhahabu ibaki peke yake.

Shemeji alikuja kunilaki, amejaa furaha. "Mimi simtesi mdogo wako, shemeji. Tangu ashike mimba nimemkataza kuponda mawe, nimemkataza kusimama kwenye maji. Nimemwachia kazi nyepesi, hii ya kukaa."

Nilipandwa na hasira, halafu nikakosa wa kumkasirikia. Wangapi pale wanaponda mawe na mimba zao, na waume zao hawaoni kitu? Huyu alikuwa amempenda mkewe kwa akili yake yote, ndipo akamweka kwenye moshi.

Nililibeba lile jiko mwenyewe nikalitoa nje. Nikawaeleza kwamba moshi ule huingia kwenye damu ya mama, humfikia mtoto, na seli za ubongo ndizo huumia zaidi zikiwa bado changa. Shemeji hakubisha. Alikaa chini sakafuni, akasema zebaki haitaingia tena katika nyumba ile, na nilimwamini.

Mdogo wangu hakujali habari za kesho.

"Nimechoma tangu mimba ikiwa changa, dada," alisema. "Huyu aliyemo ndani ameshaharibika?"

Nilichuchumaa mbele yake.

"Mbona anacheza vizuri? Hanipi hata usingizi."

Nilitamani mno kumwambia basi, akicheza ni mzima. Lakini alikuwa ameniuliza mimi, dada yake msomi, na jibu langu angelala nalo mpaka siku ya kujifungua.

"Sijui," nikasema. "Twende kliniki tukawaeleze. Lakini mimi sijui."

Akavuta kitenge, akalifunika tumbo lake nisilione.