Walivyohamishia simu ya mezani ya mama mkwe kwenye fiber hapa Guangzhou, na kilichotupata

Habari za humu wakuu. Hii si chai wala sijasimuliwa, imenikuta mimi mwenyewe. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mchina wa hapahapa Guangzhou. Kazi yangu ni kuwanunulia customers wa nyumbani nguo za jumla pale soko la Shisanhang.

Mama mkwe alikuwa anaishi peke yake mtaa wa Kangle, ghorofani, chini yake karakana ya kushona nguo. Kuhamia kwetu alikataa katakata. Smartphone tulimnunulia, akaifunga kwenye taulo akaiweka kabatini. Yeye na simu yake ya mezani, basi.

Sasa lugha ilikuwa mtihani. Yeye Kikantoni kitupu, mimi Kichina changu cha kuombea punguzo kwa malaoban, yaani mabosi wa maduka.

Nikamfundisha kubip! Wallahi tena.

Akiamka asubuhi ananibip mara moja, maana yake yuko salama. Akibip mfululizo, njoo haraka. Aliipenda hiyo kitu balaa, mwenyewe alimwambia mume wangu kwamba kila akikata anacheka peke yake. Hapo ndipo mimi na yeye tulipoanza kupendana.

Basi wakaja mafundi. Laini za waya wa zamani zinaondolewa, kila nyumba fiber. Mume wangu akauliza, wakamjibu namba ileile, simu ileile, msiwe na wasiwasi. Wakafunga kiboksi cheupe chenye taa, wakachomeka simu humo, wakaondoka zao.

Hakuna aliyetuambia kwamba simu ya zamani ilikuwa inapata umeme kwenye waya wake wenyewe, na hii mpya kiboksi kikizima ni pambo tu.

Na mama mkwe, wakuu, alikuwa haachi kitu kwenye soketi akienda kulala. Kukaa juu ya marobota ya vitambaa kulimtia woga wa moto. Feni anachomoa, jiko la wali anachomoa. Sembuse kiboksi kinachomulika hovyo?

Siku ya kwanza bip haikuja, niliacha mzigo dukani nikatimua mbio. Namkuta anakunywa uji wake, ananishangaa. Kachomoa, kasahau kuchomeka. Mwanawe akamsema, tukabandika utepe mwekundu kwenye plagi, akaitikia vizuri kabisa.

Baada ya siku chache, yaleyale. Tena na tena. Ikafika mahali bip isipokuja tunasema tu, "Huyo kachomoa."

Sasa siku hiyo bip haikuja. Nikampigia mume wangu kazini. Akaniambia, "Atakuwa kachomoa tena. Maliza kazi kwanza, utampitia mchana."

Nikamaliza kufunga order, nikampitia mchana.

Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, nyonga imevunjika, mkono wa simu uko kifuani. Waya wa kiboksi kauviringa vizuri juu ya meza. Nililia kama mtoto.

Lakini kilichonimaliza ni hospitali. Masikio yake yalikuwa yamezeeka, hakujua kama simu haina mlio. Akanishika mkono, akamwambia mwanawe anitafsirie: "Nimembip mpaka kidole kikauma. Mbona hakuja?"

Mume wangu alitafsiri huku anaangalia dirishani. Tukamweleza kiboksi, umeme, plagi. Akatikisa kichwa. Yeye alipiga, sisi hatukuja.

Homa ya mapafu ikamchukua akiwa anaamini hivyo.

Nilichojifunza: mafundi wakija kubadilisha laini ya mzee wako, acha kuuliza kama namba itabaki. Uliza, umeme ukikatika au mzee akichomoa, simu itapiga? Kama haipigi, dai betri ya akiba kabla hawajang'oa waya wa zamani. Kumbe zipo, sisi tumekuja kujua baada ya mazishi.

Na mzee asipopatikana, nenda. Hata kama jana alichomoa na juzi alichomoa, nenda.

Mwenye mzee anayetegemea simu ya mezani, aseme hapa kajipangaje. Pole zenu ziwekeni kando kwanza. Jengo lile wamebaki wazee wengine na viboksi vyao, na watoto wao wananiuliza wafanyeje.