Bangili ya Bimdogo

Sadallah alikuwa fundi wa madele, yale mabirika ya kahawa, hapa Bagamoyo. Kusoma hakujua. Shaba na fedha alizijua kwa viganja.

Mwaka wa sabini na tatu mkewe, Bimdogo, akafariki. Mkono ulikuwa umevimba, waoshaji wakaipanua bangili yake ya fedha ndipo ikatoka. Ikapindika vibaya. Naye marehemu alikuwa ameacha neno: binti yao, Chausiku, aolewe ameivaa.

Miezi sita ikapita. Ndoa ikapangwa Ijumaa. Jumatano asubuhi Sadallah akaitoa bangili kwenye kitambaa, akaibana kwa mikono mitupu. Ikarudi kidogo. Akabana tena, ikawa ngumu. Mara ya tatu ikagoma kabisa.

"Itie motoni, shemeji," akasema Mwanajuma, dada wa marehemu, aliyekuja kupepeta mchele wa harusi. "Madele ya mji mzima unayachoma, hii unaionea haya?"

"Moto utaondoa mng'aro. Mng'aro huu ni wa mkono wake."

"Na ikikatika? Utamvisha mwanao mng'aro mtupu?"

Sadallah akaigeuza bangili kiganjani. Alimkumbuka mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, aliyewahi kuleta dele lililotoboka. Mwalimu yule alisema ndani ya madini mna chembe zilizopangwa safu safu. Ukikunja, safu haitelezi yote kwa mara moja. Kasoro ndogo ya mpango ndiyo inayotembea, chembe baada ya chembe, mpaka itokee upande wa pili. Sadallah alimwona anapayuka tu. Bimdogo, akimimina kahawa, akacheka.

"Mbona hilo ni jamvi la msikitini, mwalimu? Ukilivuta zima, halisogei. Tia mkunjo ukingoni, usukume kwa mguu. Ukitokea ng'ambo, jamvi limesogea."

"Na mikunjo ikiwa mingi?" akauliza mwalimu.

"Inagongana, hakuna unaopita. Hapo hulazimishi, utalichana. Unalikung'uta, unaanza upya."

"Basi mama, moto wa mumeo ndio huko kukung'uta."

Sadallah akaitazama bangili. Mikunjo imejaa humo, na mingi kaitia yeye.

Akavukuta makaa, akaitia bangili. Ikaiva wekundu wa mbali, akaitumbukiza majini. Ikatoka imefubaa kama jivu. Mwanajuma akaacha kupepeta.

Sadallah akaibana kwa vidole gumba. Ikaja. Ikaja yote, taratibu, mpaka ikawa duara. Akapitisha ukucha nje na ndani: hakuna ufa. Akaketi chini.

"Alhamdulillahi," akasema.

Mwanajuma akaleta ukwaju, wakaisugua. Chausiku akaitwa, akaingiza mkono. Ikamkaa.

"Haing'ai kama ya mama," akasema binti.

"Ya mama yako ilichukua miaka thelathini," akajibu Mwanajuma. "Vaa." Kisha akalishika jamvi la wageni, akalivuta kwa nguvu zake zote. Halikwenda.

"Usilivute zima, shemeji," akasema Sadallah. Akainuka, akiwa anacheka, akautia mguu ukingoni.