Sweta Lililoachwa Juu ya Jiwe

Nani alimvua sweta?

Mama mkubwa aliniuliza hivyo jikoni kwake Lyamkena, akipuliza kuni zilizokataa kuwaka. Aliniuliza mimi, si wazee waliokaa nje kwenye viti vya kukodi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu, na tangu utotoni nilijulikana kwa kubishia kila kitu. 

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kumzika mwanawe. Mama zetu ni ndugu, kwa hiyo nilimwita kaka. Alikuwa askari wa hifadhi kwenye Mlima Kilimanjaro, katika kikosi cha uokoaji, wale wanaopanda wakati wengine wote wanashuka. Mgeni mmoja alipotea kwenye ukungu, kule juu ambako hata nyasi hazioti. Askari wakagawana njia za kumtafuta, na jioni theluji ikaanza kuanguka. Mgeni alipatikana hai. Kaka alikutwa kesho yake chini ya mwamba, amekufa kwa baridi, mwilini ana fulana na suruali tu. Koti na sweta vilikuwa juu ya jiwe, karibu kabisa na pale alipolala.

Sweta lile mama mkubwa alilifuma mwenyewe kwa sufu ya Makete. Lilikuwa la kijani, lina mstari mweupe kifuani. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Kwake kumpenda mtu kulikuwa kumpima mabega.

Kaka alikuwa akija likizo wakati wa baridi kali, miezi ambayo sisi tungetamani kwenda kokote kwenye jua. Tulikuwa tunakutana shambani kwa babu, nje kidogo ya Njombe. Asubuhi viazi vilikuwa vimefunikwa na sakitu, shamba zima jeupe kama limemwagiwa unga, na yeye akitembea humo peku kwa kusudi, ili tumwone.

"Hii mnaita baridi?" alitutania. "Kule wenzangu waliozaliwa Pwani wanalala na kofia. Mimi natembea kama nakwenda Lupembe kuchuma chai."

"Vaa viatu, mjinga wewe," mama mkubwa alimjibu kutoka mlangoni. "Mtu wa Njombe naye ana damu."

"Damu ya Njombe haigandi, mama."

Tulicheka. Sote tuliliamini hilo kidogo, hata mimi nisiyeamini mambo. Tulikua tukijua kwamba baridi ni yetu, kama lugha ilivyo yetu, na kwamba inaua watu wengine.

Karibu na moto alikuwa anatusimulia kazi yake. Alisema kule juu hewa ni nyepesi mpaka mtu anasahau jina la mke wake. Kuna mgeni aliyemkatalia kwamba haumwi. Kaka akamwambia atembee mstari mmoja ulionyooka, naye akayumba kama mtu aliyetoka kilabu cha ulanzi. Wakamfunga kwenye machela yao, machela ya gurudumu moja, wakaanza kukimbia naye kuteremka, wengine wameshika mbele, wengine nyuma, mawe yakiruka. Dawa ya kwanza ni kushuka, alisema. Walipofika kwenye miti mgonjwa alifumbua macho, akauliza chakula kiko wapi.

"Kama dawa ni kushuka," nilimuuliza, "kwa nini wanapanda?"

"Dada, siku ukiacha kuuliza ndiyo utaolewa."

"Nikiolewa nitamuuliza mume."

Lakini alipofika kwenye habari za barafu sauti yake ilikuwa inashuka. Alisema barafu ya Kibo inasimama kama ukuta wa nyumba isiyo na mlango. Jua likiipiga hutoa milio midogo, kama sufuria inayopoa. Mawingu yako chini yako, na ukisimama kimya unasikia damu yako mwenyewe. Nilikuwa nasinzia nikimsikiliza, na kwenye usingizi wangu mlima ulikuwa unaanzia hapo hapo nyuma ya mianzi ya babu, ukipanda taratibu ndani ya ukungu, nasi tukiupanda bila kuchoka.

Askari mwenzake ndiye aliyeuleta mwili na begi la vitu vyake. Siku ya maziko nilimfuata nyuma ya nyumba.

"Afande, nani alimvua?"

"Hakuna aliyemvua, dada. Mlima hufanya hivyo. Nimeshaona."

"Mlima hauna mikono."

Alivua kofia, akaitazama ndani. "Najua. Lakini nyayo kwenye theluji zilikuwa zake peke yake. Mimi ndiye niliyezifuata."

Nilimwamini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Kama hakuna mwizi aliyemvua akakimbia na kuziacha nguo, basi kaka alivua mwenyewe. Wanawake waliokuwa wanamenya viazi walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba mtu havui nguo kwenye barafu ila amechoka kuishi. Mama mkubwa aliyasikia. Tangu siku hiyo alimtaka mwizi, alimwomba Mungu awepo mwizi. Mwizi angemwachia mwanawe aliyetaka kuishi. Bila mwizi, alibaki na mtoto aliyelivua sweta la mama yake, akaliweka kando na kulala afe.

Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu zilitandazwa kwenye mkeka zigawiwe, kama desturi. Mjomba alichukua viatu. Suruali zilikwenda kwa binamu. Mkono wa mzee mmoja ulipolifikia sweta, mama mkubwa alilivuta, akaliingiza chini ya kitenge.

"Hili haligawiwi mpaka nijue."

"Dada, vitu vya marehemu havikai ndani," mjomba alimwambia.

"Basi na mimi nitoeni nje."

 Wazee walifunga msiba hivyo hivyo, lakini yeye hakuufunga. Sweta aliliweka sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Sindano za kufumia alizichomeka kwenye dari ya jiko, zikawa nyeusi kwa moshi.

Baadaye nilipata kazi Makambako, kwenye kampuni ya miti, nikapanga chumba upande wa barabara kuu. Upepo wa Makambako hauna adabu, unapita hata kwenye tundu la kitasa. Nikijilaza mchana wa Jumapili, mabati yakilialia, nilikuwa namwona kaka anatembea juu ya kitu cheupe, peku, bila haraka. Nilikuwa namuuliza swali la mama yake. Anageuka kunijibu, naamka. Siamini kwamba wafu huja ndotoni. Nilikuwa nataka tu amalize sentensi.

Jibu nililipata ndani ya ukumbi wa mabati, kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kwa wafanyakazi wa msituni. Muuguzi aliyetufundisha alifika kwenye mada ya baridi, akaitaja habari ile kama jambo la kawaida, kisha akaendelea na kuumwa na nyoka. Mimi niliomba ruhusa nikatoka.

Nilikwenda Lyamkena jioni hiyo hiyo. "Kamwene, mama mkubwa," nilisalimia, na kabla sijapewa kigoda nikamwambia, "Alilivua mwenyewe. Lakini hakutaka kufa."

"Nani kakwambia?"

Nikamweleza yote, polepole, nikichanganya Kiswahili na Kibena changu kibovu. Alinirudisha nyuma mara kadhaa, akanibana kama mimi nilivyozoea kuwabana watu. Alipotosheka alikwenda sandukuni. Alilikung'uta sweta, akalipima mabegani kwangu.

"Mikono mirefu," alisema. "Utaikunja."

Nililivaa pale pale. Lilinuka dawa ya nondo. Yeye aliinua mkono darini akazichomoa sindano, akaanza kuzifuta masizi kwa upindo wa kitenge chake.

Nilichomweleza ni hiki. Mtu akipigwa na baridi, mwili hufunga mishipa ya ngozi ili kuutunza moyo. Baridi ikizidi, mwili huchoka kuifunga. Mishipa hulegea, damu ya ndani hurudi kwenye ngozi kwa mkupuo, na mtu anayeganda husikia joto kali, kama aliyekaa karibu mno na moto. Ndipo huvua nguo. Kaka yangu, mwishoni kabisa, hakuwa anasikia baridi.